Panya Walinyamaza, Nguruwe Wakasema

Takajo, Miyakonojo,
Miyazaki, Japani.
24 Februari, 2019.

Mpendwa Shangazi Fusae,

Shikamoo Shangazi. Huku miplamu ya uani imeshatoa maua, ila baridi bado inang'ang'ania. Hali yako vipi huko Brazili? Goti limepata nafuu? Nasikia unapanda tena ngazi kwenda kuanika nguo. Wajukuu wote hao wana kazi gani? Sisi ni wazima. Mama anakula vizuri na kunigombeza vizuri zaidi.

Uliniuliza eti maabara ninafanya nini na mtungi wa Bibi wa kuchachushia figili, maana Mama alikuambia nafuga wadudu. Ni hivi. Nachukua bakteria wanaoishi kwenye zile pumba za mpunga zilizomo mtungini, nawachemsha hadi wafe, kisha nadondosha maganda yao juu ya chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Askari hawaulizi kama adui yu hai au maiti. Wakigusa ganda tu, wanaamka. Tunataka siku moja tuwatilie nguruwe maganda hayo kwenye chakula, ili askari wao wawe macho na vitoto visife kwa kuhara.

Tatizo, kila mnyama ana askari wa tabia yake. Wa samaki wamelala fofofo. Wa panya ni wavumilivu, mpaka uwamwagie mengi. Wa nguruwe, Shangazi, wana hasira za karibu kama watu wa ukoo wetu.

Sasa nikwambie lililonikondesha. Mkataba wangu ulikuwa uishe tarehe 31 Machi. Mwalimu Kuramochi, mkuu wa maabara, alishasema wazi: majibu ya nguruwe yasipotoka kabla ya Februari kwisha, utafiti unafungwa na nafasi yangu nayo. Miaka minne yote ingeenda na maji.

Januari tukaanza, na balaa nalo likaanza. Kila kisahani cha chembe za nguruwe kiliamka, hata vile tulivyovitia maji matupu, ambavyo kazi yao ni kukaa kimya ili tuwe na cha kulinganisha. Vya panya vilitulia kama kawaida. Tukarudia mara tatu, yale yale. Kama maji matupu yanaamsha askari, utajuaje maganda ya Bibi yamefanya kitu?

Damu ya nguruwe tunaipata kwa kaka Hisanori. Basi nikaamua kwamba nguruwe wake ni wagonjwa, askari wao wameshaamka tangu bandani. Nikampigia simu, na mdomo wangu unaujua. Akakata. Kesho yake akamleta daktari wa mifugo akawapima wote arobaini na wawili, wazima wa afya. Akanitumia cheti bila hata salamu. Mimi na ubishi wangu nikaandika kwenye ripoti kuwa wanashukiwa, na Mwalimu akaanza kutafuta mfugaji mwingine. Hisanori hakuja nyumbani hata siku ya kurusha maharage ya kufukuzia mashetani. Mama alirusha peke yake, huku akinitazama mimi.

Tarehe 12 mwezi huu nilikuwa natoa chupa kabatini, nikaiona inavyong'aa. Ile ni kazi ya mikono yangu! Kwenye usafi wa kufunga mwaka wenzangu walisugua sakafu na madirisha, mimi nikaona haya kuingia mwaka mpya na chupa zenye madoa. Nikazitoa hata zile zisizoruhusiwa kuguswa, nikazisugua kwa sponji kuukuu, nikazisuuza kwa maji ya bomba, nikazipitisha kwenye mashine ya mvuke. Mvuke unaua bakteria wa sponji na wa bomba, lakini maganda yao yanabaki. Kuyaondoa kunataka tanuri kavu lenye moto mkali, jambo ninalolijua tangu chuoni. Mabaki hayo ni machache mno kwa panya kuyahisi. Nguruwe waliyahisi.

Nitakuambia ukweli, maana wewe hunisemi. Niliwaza kuzichoma chupa tanurini kimyakimya na kudai nguruwe wamepona. Nani angejua? Mimi ningebaki na kazi, na Hisanori angebaki na aibu. Asubuhi yake nikaingia ofisini kwa Mwalimu, nikainama hadi paji la uso likakaribia meza, nikamweleza yote mpaka sponji.

Aliweka chai yake mezani. Halafu akauliza, "Chupa ni zile zile kwa wanyama wote?"

"Zile zile."

"Panya wakanyamaza?"

"Walinyamaza, Mwalimu."

"Nguruwe wakasema?"

"Walisema."

"Basi umepima tofauti yao bila kukusudia. Andika hivyo hivyo. Na useme nani aliosha."

Tukazichoma chupa ipasavyo, tukarudia na chembe za nguruwe wale wale. Visahani vya maji vikatulia tuli, vya maganda ya Bibi vikaamka. Tarehe 21 nikasimama mbele ya kamati nikasoma yote, na ukurasa wa sponji pia. Wakubwa walicheka hadi wakavua miwani. Juzi nikaitwa: mkataba umeongezwa miaka miwili. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Jana nilikwenda bandani kwa Hisanori na sanduku la keki za maharage. Nikainama, nikamwomba radhi. Akaendelea kumwaga chakula, hata kunitazama hakunitazama.

"Mimi hukuniita mgonjwa," akasema. "Uliwaita wao."

Nilimwangalia, hacheki. Basi nikageuka nikawainamia nguruwe arobaini na wawili, nikawaomba radhi kwa sauti. Nilipoinuka, ndoo ilishamponyoka kwa kicheko, na mimi machozi yananitoka.

"Mkataba je?" akauliza.

"Miaka miwili."

"Basi Jumatatu njoo na sindano. Chupa mwachie mtu mwingine aoshe."

Nisalimie binamu Norio, mkewe Sueli na watoto wao wote. Mama anakusalimu sana, na Hisanori pia, sasa tunaongea. Wazee wetu waliotangulia wakulinde huko uliko, wakuzidishie siku.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye daima,

Misao