Maji ya Njia ya Dranya

Awindiri,
Arua.
14 Novemba 1993

Mpendwa Mama Mdogo Afisa,

Kabla ya salamu nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nikianza na salamu nitaogopa. Nitakuandikia habari za mihogo na mvua, halafu nitafunga bahasha. Jambo lenyewe ni hili: nimekuwa nikimkata Mama maneno. Yeye alisema, mimi nilikuwa mdomo wake, na kuna sehemu moja niliimeza kila tulipoifikia. Nitakueleza vizuri nikishapata nguvu.

Sasa nakusalimu. Hujambo, Mama Mdogo? Baba Mdogo na watoto wa hapo Kibera hawajambo? Kile kifua ulichosema kinakubana wakati wa baridi kimepoa? Sisi tupo. Hakuna aliyelala kitandani, ila tumechoka. Mjomba Lokule yuko Midia, anavuna simsim, na mguu wake bado unamsumbua akitembea mbali.

Pengine Mjomba alikuandikia kwamba shule imenishinda. Haikunishinda. Nimeiacha mimi mwenyewe, kwa sababu Mama hawezi kwenda peke yake kwenye nyumba ya ushauri, na huko anatakiwa mtu wa kumtafsiria. Ninapita karibu na wenzangu waliovaa sare, nainamisha kichwa, wao wanadhani nina maringo.

Hali ya Mama unaikumbuka. Sauti bado zinamjia. Mbili ni za wanaume, zinamfokea kwa Kiswahili cha kambini, zinamwambia asimame, aseme yeye ni nani. Ndiyo maana mke wa askari aliyekaa kambini miaka mingi hataki tena kutamka Kiswahili hata sokoni. Anasema Kikakwa tu. Sauti ya tatu ni ya mwanamke mzee, nayo haifoki. Inaomba maji.

Na maji anayamwaga. Ukimpa kikombe, ya kwanza anayamwaga chini, kisha anangoja, kisha ndipo anakunywa yaliyobaki. Mjomba aliwahi kufunga mtungi kwa mnyororo na kufuli. Mimi nilizoea. Nilikuwa nafagia tope tu.

Majirani wana maneno yao, lakini si wote wabaya. Elise, mwanamke wa Zaire anayeuza mkaa hapa jirani, humwita Mama "Radio" kwa sababu anaongea peke yake. Juzi alimwuliza, "Mama Kiden, leo radio yako iko na habari gani?" Nikamtafsiria Mama, nikiona haya. Mama akajibu kwa Kikakwa kwamba betri imekwisha. Elise alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Mama naye alitabasamu. Nakuandikia hili ili ujue kwamba dada yako yupo bado, hajapotea kabisa.

Sindano anachomwa kila mwezi, na vidonge anameza. Vinamtetemesha mikono, lakini halali tena kichakani wala havui nguo barabarani. Watu wengi walituambia kwamba mgonjwa wa namna hii haulizwi mambo ya vita, kwamba ukimuuliza utamrudisha kulekule. Mjomba pia ni wa mawazo hayo. Mshauri wetu anaitwa Candiru. Zamani alikuwa muuguzi. Yeye alimwambia Mjomba hivi: "Mzee, sindano inashika ugonjwa. Ile njia ya Dranya ya wakati wa vita haishikwi na sindano. Huyu iko na mizigo mbili, na nyinyi mmemtua moja."

Mjomba alikubali, lakini kwa sharti. Mama akizidiwa hata mara moja, anamrudisha Midia na ushauri basi.

Namna ya Candiru ni hii. Haulizi jambo baya kwanza. Alianza na asubuhi ya siku ile: mlipika nini, nani aliwasha moto, Mama alivaa nini. Wanakwenda polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayerudi kutafuta kitu alichoangusha. Mama akianza kutetemeka na kutazama ukutani, Candiru anapiga meza kidogo: "Mama, uko wapi sasa?" Mama anashika mbao ya meza, anasema, "Niko Awindiri. Leo ni Jumanne." Wanapumzika, halafu wanaendelea. Hawaachi habari katikati. Lazima wafike mahali ambapo watu walikuwa salama ndipo tuinuke. Na wiki inayofuata Candiru anasoma yote aliyoandika tangu mwanzo, kwa sauti, na kuongeza.

Candiru ni Mlugbara, Kikakwa hakijui. Ndiyo nikawekwa kwenye kiti cha katikati, nimtafsirie kwa Kiswahili. Aliniomba nisiseme "yeye" bali "mimi", kama Mama mwenyewe. Mama Mdogo, wewe unanijua. Mimi ni mtu ambaye darasani nilijua jibu na sikunyosha mkono. Nikawa nasema, "Mimi nilibeba mtoto mgongoni. Mimi niliogopa." Nikirudi nyumbani siwezi kula. Usiku ninaota njia ambayo siikumbuki.

Sasa nimefika pale.

Mwaka ule wa themanini, tulipokimbia vita, sisi sote tuliambiwa kwamba Bibi alikufa kwa homa njiani, na kwamba Mama alimzika. Ulituma shuka nyeupe kutoka Nairobi. Tuliporudi kutoka Zaire, Mjomba alitaka aonyeshwe kaburi ili ndugu waweke mawe na kusoma dua. Mama alituzungusha kutwa nzima kwenye majani nje ya Dranya, hakuonyesha kitu, kisha akakaa chini na kupiga kelele. Watu walikuwa wamechoka. Wakaweka mawe palepale alipokaa, wakatandika shuka yako. Tangu siku hiyo ugonjwa ulizidi.

Bibi hakufa kwa homa mikononi mwa Mama. Miguu yake ilivimba, hakuweza kuendelea. Wanajeshi walikuwa wamekaa kwenye kijito, hakuna aliyeweza kushuka kuchota. Mama alimkalisha nyuma ya kichuguu akamwachia kibuyu chenye maji kidogo, akisema atarudi na watu wa kumbeba. Akaenda na mtoto mgongoni. Baada ya mwendo mtoto alinyamaza, midomo ikakauka, akawa hafungui macho. Mama akarudi. Akachukua kile kibuyu. Alipopata watu na kurudi nao, askari walikuwa wamepita hapo, na Bibi hakuonekana, wala mwili wake.

Mama alimaliza kusema, Candiru akanitazama. Nikatafsiri: "Mama yangu alishindwa kutembea. Nilimwacha nikatafuta watu." Maji sikuyataja. Nilijiambia ni heshima, kwamba mtoto hawezi kutamka neno hilo juu ya mama yake. Ilikuwa heshima, na ilikuwa woga vilevile. Mtoto mgongoni alikuwa mimi. Ningesemaje, "Mimi nilichukua maji ya mama yangu nikampa Kiden"?

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Mama anayasema, mimi nayameza, Candiru anasoma habari isiyo na maji. Na Mama akazidiwa. Alianza kumwaga kikombe kizima, hanywi kabisa. Mjomba akaja na baiskeli, akasema, "Mimi niliwaambia. Kesho huyu anarudi Midia." Nikamwomba atuachie Jumanne moja tu.

Jumanne hiyo Candiru alisoma kama kawaida. Alipofika pale, Mama akanyosha mkono akafunika karatasi. Kisha akasema, kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake tangu niwe na akili: "Hapana. Maji iko. Kiden anaficha maji."

Nilitamani sakafu inimeze. Kumbe alikuwa anasikia kila kitu siku zote.

Candiru hakunigombeza. Aliuliza tu, "Maji gani, Mama?"

"Maji ya mama yangu. Mimi nachukua. Yeye naangalia mimi."

Akayasema yote mwenyewe, kwa Kiswahili kile cha kambini, akilia, akishika meza. Linalomtesa si kuchukua tu. Hajui kama Bibi alimpa kibuyu au ni yeye aliyemnyang'anya Bibi. Uso anauona, mikono haioni. Candiru akamuuliza kibuyu kilikuwa wapi. Mama akasema kamba yake ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa Bibi, ili kisianguke akilala. Candiru akauliza, "Sasa nani alifungua?"

Mama alizungusha vidole juu ya meza kama anayefungua kamba. Halafu akasema, "Fundo la mama mimi nashindwa kufungua, tangu mtoto. Kamba ya mbuzi, kamba ya mzigo, yote mimi nashindwa. Afisa peke yake alikuwa anaweza."

Candiru hakumwambia nani alifungua. Alimwacha na swali hilo, tukaenda mpaka kwenye nyumba ya padri upande wa Zaire, mahali walipopata uji, tukainuka.

Baadaye aliniita pembeni. Alisema kosa ni lake, mtoto hakupaswa kuwekwa kwenye kiti kile. Tangu hapo ninangoja nje kwenye benchi. Mama anajisemea mwenyewe. Mjomba aliambiwa tu kwamba ushauri unaendelea vizuri, akarudi Midia na baiskeli yake. Ya maji hajui.

Usidhani amepona. Wale wanaume bado wanafoka, na juzi alimrushia mtu jiwe. Bado anamwaga, lakini siku hizi ni kidogo tu, kama tone la mtu anayeonja.

Sasa sababu ya barua. Mama ameniambia kwamba ukija Disemba atakueleza kwa mdomo wake, kisha atakuuliza habari ya lile fundo. Hajaniruhusu kukuandikia. Nimeandika kwa sababu nimeogopa uso wako. Bibi alikuwa mama yako pia. Ukipata habari hii kwa ghafla utalia, au utainuka utoke, nayo ni haki yako, lakini yeye hatausema tena mzigo huu maishani. Basi lia sasa, huko Kibera. Nikasirikie na mimi, maana maji niliyanywa mimi.

Ukija, akianza kusema, usimkatize hata pale utakapoona aibu kwa ajili yake. Mimi nilishamkatiza. Na akikuuliza kama kweli hakuwahi kuweza kufungua fundo la Bibi, mwambie unachokumbuka. Usimdanganye, hata kwa huruma. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Lakini kama unakumbuka, Mama Mdogo, njoo, hata kama kifua kinabana.

Msalimie sana Baba Mdogo, na Sulaimani mdogo, na shangazi Driciru ukimwona. Elise anakusalimu ingawa hakujui. Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu ukiwa na pumzi.

Barua hii ukishaisoma ichome kwenye jiko. Mjomba asijue, na Mama hasa asijue. Siku hiyo akikutajia maji, mtazame kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

Mimi mwanao akupendaye,
Kiden