Kimya Kinamliza Idrisa

Jumapili

Wifi yangu Salma leo kanichosha kweli. Tangu nitoke hospitali na mtoto, yeye kafunga madirisha yote, eti makelele ya Kariakoo yanamshtua. Nyumba nzima tunanong'ona kama tuko msibani. Na Idrisa ndiyo kwanza analia. Nikimweka ziwani anajikunja, anaachia, analia tena.

Mchana Salma alipotoka, nilimvua nguo nikamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, kama nesi wa kliniki alivyonielekeza, nikajifunika naye kanga. Alipunguza kilio, lakini mwili ulikuwa bado umekaza, ngumi amezifumba.

Ndipo nikawaza. Huyu mimba yake nzima nimeibeba dukani, nanadi vitenge mpaka wiki ya mwisho. Kimya atakijulia wapi?

Nikaanza kunadi, polepole, kwa sauti ya chini. "Vitenge, dada, vitenge... njoo uchague, kuangalia bure..."

Ngumi zikafunguka. Akashika ziwa, akanyonya mpaka akashiba, usingizi ukamchukua hapohapo.

Wiki hii tunaenda kumpima uzito, na hilo bado linanitia wasiwasi. Lakini mwanangu nimeanza kumwelewa, na madirisha nitayafungua mwenyewe.

Salma aliporudi jioni alinikuta bado nanadi gizani. Akasimama mlangoni, macho yamemtoka.

"Wifi, unamuuzia nani?"

Nikamwonyesha Idrisa, mdomo wazi, maziwa shavuni.

"Shusha sauti. Mteja wangu kalala."