Mbele Hamna Maji

Alhamisi jioni, likizo ya Agosti. Jua limewaka mchana kutwa, upepo haukuwapo, na suruali yangu nzuri imekauka na matope hadi inaweza kusimama yenyewe.

Shajara, leo nina hasira. Na paka, na Baba, na zaidi ya wote mimi mwenyewe.

Nianze na paka, kwa sababu hao hawatasoma hapa. Hatukupanga kuja nao baharini. Tulipotoka Kitale tulipitia Bungoma ili tuwaache kwa Kukhu, yaani bibi yangu, lakini alitusimamia langoni akiwa ameshika kiuno. "Hao watakura vifaranga vyangu," alisema. "Endeni nao huko huko bahalini." Basi Gunia na Kiberiti wakavuka Kenya nzima ndani ya kreti ya nyanya, na leo ni siku yao ya tatu kwenye boti, katika mikondo ya maji kati ya visiwa vya Lamu.

Gunia anatapika. Kiberiti amepewa karai la mchanga safi, naye anajisaidia juu ya kamba ya nanga. Samaki wabichi wa baharini hawawataki. Wanataka omena, dagaa wa ziwani, tuliobeba kwenye mkebe kutoka sokoni Bungoma.

Safari yenyewe ni ya kumwona Mama. Ni muuguzi katika zahanati ya kisiwa kimoja huku, na sijamwona tangu Januari. Leo alikuwa huru kuanzia asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, kisha aingie zamu ya usiku. Siku moja nzima. Nilikuwa nimeihesabu kwenye kalenda tangu muhula uanze.

Boti tumeazimwa na ndugu wa jirani yetu wa Kitale. Siku mbili za kwanza alituendesha mwenyewe. Leo alikuwa na harusi, na Baba, ambaye ni fundi wa matrekta, akasema hakuna shida. "Injini ni injini, Nasimiyu. Hii ni trekta ya maji tu." Mwenye boti alituagiza jambo moja: tuondoke saa moja kamili.

Tuliondoka saa mbili. Kiberiti alikuwa amejificha chini ya mbao za sakafu, na ikabidi Baba azing'oe moja moja.

Tulipofika kwenye mkondo mwembamba wenye mikoko pande zote, tulikutana na mama mmoja na binti yake wakitoka huko kwa mtumbwi. Mama yule alisimamisha kasia akapaza sauti, "Enyi! Msende huko! Mbele hamna maji!"

Baba alicheka kwa furaha. Aliinua mtungi wetu wa lita ishirini juu, mikono miwili, autikise waone umejaa. "Tuko nayo, mama! Tuko na maji tere!"

Mama yule na binti yake wakatazamana. Yule mama alisema kitu kingine, lakini Baba alikuwa ameshaongeza mwendo.

Sasa ungamo langu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha "hamna" mbili. Moja ni ya ninyi, hamna kitu. Nyingine ni ya ndani ya mahali: mfukoni hamna kitu, kisimani hamna maji. Kwenye mtihani nilipata zote. Na leo, baada ya kama pumzi tatu, nilielewa kwamba hatukuwa tunaulizwa kama tuna maji ya kunywa.

Nilinyamaza.

Baba alikuwa bado anapunga mkono. Kwetu mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya wageni, na yule mama alikuwa bado anatutazama. Nikajiambia labda nimekosea. Nikamshika Gunia nikatazama mbele kama abiria mwema.

Tulikwama kabla sijahesabu mia moja.

Baba alisukuma kwa kasia, akasukuma kwa bega. Maji yaliendelea kuondoka mpaka boti ikalala upande kwenye tope, na kaa wadogo wakatoka mashimoni kututazama. Mtandao ulikuja mara moja tu, nikamsikia Mama akisema, "Niko gatini, mko wapi?" halafu ukakatika. Hapo nililia kidogo. Baba alijifanya anakagua plagi za injini.

Kiberiti naye akaona kaa. Aliruka, akakimbia juu ya tope lisilomzamisha, akapotelea mikokoni.

Maji yaliporudi alasiri na boti ikaanza kutikisika, alikuwa juu ya mti akitudharau. "Tumwache," Baba alisema. "Tutampitia kesho."

"Baba, maji yatafunika hapa pote!"

"Na mama yako je?"

Nilishuka. Tope lilinifika mapajani. Niliita kwa upole, nikaita kwa ukali, nikamtukana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mwishowe Baba akachukua mkebe wa omena akautikisa, na yule paka akashuka haraka, akapita begani kwangu na kurukia ndani ya boti, mkavu, akiniacha topeni.

Tulifika gatini saa kumi na mbili na dakika kumi. Mama alikuwa amesimama na sare yake. Dakika ishirini, Shajara. Alinikumbatia na tope langu lote.

"Mbona hivi?" aliuliza.

"Ni hawa paka," Baba alianza.

"Ni mimi," nikasema. Nikawaeleza yote, hamna ya kwanza na hamna ya pili.

Baba alinigeukia. "Ati ulijua? Na ukaniacha nitikise mtungi?"

"Ningekuaibisha, Baba."

Mama alijishika mdomo, lakini kicheko kikamtoka. "Nasimiyu! Kwa hiyo ulimheshimu baba yako mpaka matopeni?"

Hata Baba alicheka, baadaye kidogo kuliko sisi. Halafu Mama akatazama saa, akanipangusa shavu kwa kidole gumba, akaenda kazini akitembea haraka.

Sasa niko chumbani kwake. Nimefagia, nimekunja kanga zake. Zamu yake inaisha saa moja asubuhi, na lipo jambo ambalo nimelinyamazia tangu Januari kwa sababu sikutaka kumhuzunisha. Nyumbani hatulitaji. Baba hukohoa tukilikaribia.

Mama, uliomba uhamisho wa kurudi nyumbani, au unapapenda hapa?

Nimeliandika ili nisilimeze tena. Kesho nitampikia chai kwanza, anywe, halafu nitauliza.