Kompyuta Iliyogoma Baada ya Magharibi

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Kosa la wengi: mashine ikikataa kuamka, humtazama aliyesimama karibu nayo. Hawaulizi nini kimebadilishwa.

Juzi Jumamosi fundi kutoka Dar alibadilisha programu kuu ya kompyuta yetu, ile inayoamka mwanzo ndani ya diski kisha ikaziamsha nyengine. Leo mchana imekwenda vizuri. Tukaizima kwa sala ya magharibi, ipoe, kama desturi yetu. Baada ya sala Tabia, wa zamu ya jioni, akaiwasha. Ikagoma! Ikachapa "41", ikanyamaza. Mara tatu.

Fundi keshaondoka na kitabu chake cha kueleza namba hizo. Na orodha za kadi za mgao wa mchele za mitaa ya Ng'ambo zinatakiwa Jumamosi.

Jumanne, 3 Agosti

Asubuhi imeamka bila ya matata. Jioni — 41.

Nimeitoa diski, nimeipangusa, nimeirudisha. Nimesafisha vichwa vya kusomea kwa spiriti. Yusufali wa umeme kapima nyaya, kasema umeme wetu mzuri kuliko wa nyumbani kwake. Bi Mashavu, mfagiaji, kaja na chetezo.

"Mwalimu, dude mwaliwasha saa za mashetani, mwataka liamshwe na nani?"

Nimemwomba udi wake aufukize nje, moshi ni adui wa diski. Nimecheka. Tabia hakucheka.

Jumatano, 4 Agosti

Jioni nimejaribu programu ya zamani kwa diski yake ya zamani. Ikaamka papo hapo. Bora ningejaribu peke yangu! Machano, mkuu wetu, alikuwa mlangoni. Kasema: basi mashine ni nzima, na programu mpya asubuhi haina kasoro, kibovu ni mkono wa jioni. Nikamwambia hiyo si hesabu. Kasema hakuniuliza hesabu.

Kisha akalitamka — hujuma. Siku hizi neno hilo likitoka halirudi. Watu wamechukuliwa kwa dogo kuliko hili. Barua yenye jina la Tabia itapelekwa juu Ijumaa, saa nne asubuhi.

Tabia ana miaka ishirini na mbili. Mimi nilimsomesha skuli. Hakulia. Aliuliza tu kama aifunike mashine.

Alhamisi, 5 Agosti

Sikuweza kutulia. Nimetembea Mkunazini mpaka Darajani, nikarudi, nikaenda tena. Mbona asubuhi ikubali, jioni ikatae? Mashine haijui magharibi!

Jioni nikamwambia Tabia: mwanangu, fanya kama siku zote, ila useme kwa sauti.

"Nnafungua swichi. Nnatia diski. Nnaandika tarehe. Nnaandika saa... moja."

Moja!

Kaisoma saa ya ukutani, na saa ile ni ya kwetu, ya Kiswahili. Wa mchana hufunga kazi saa kumi na moja na nusu, na diski hupigwa muhuri wa saa hiyo. Lakini mashine huhesabu toka usiku wa manane mpaka usiku wa manane. Kwake, moja hutangulia kumi na moja. Kwa hiyo ikisoma diski inaona imeandikwa wakati ambao haujafika! Programu ya zamani haikujali, saa kwake ilikuwa ya kuchapwa kichwani mwa karatasi tu. Hii mpya hulinganisha kwanza, na ikiona hitilafu haigusi kitu. Ndiyo 41. Asubuhi tarehe ni mpya, ugomvi hakuna.

Nikamwambia aandike kumi na tisa, ndiyo saa moja ya usiku kwa hesabu ya mashine. Ikaamka! Karatasi zikaanza kutoka.

"Nshapona, Mwalimu!"

Nikasema ndiyo. Sikuweza kumtazama.

Maana aliyewaambia waandike saa ya ukutani ni mimi, msimamizi wao, mwaka jana, ili wazee wa mitaa wanaopokea orodha wasibabaike na saa za kizungu. Tena Jumamosi fundi aliniuliza: saa mnazotia ni za kuhesabu toka usiku wa manane? Nikamjibu naam, naam. Chai yangu ilikuwa inapoa.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimemkuta Machano msikitini alfajiri, nikamweleza habari ya saa. Kafurahi! Vizuri, kasema, sasa tunajua kosa lenyewe. Na aliyeandika moja ni nani? Barua inakwenda vile vile.

Nilitaka kumwambia ni mimi. Watu wakaanza kutoka, kila mtu atafuta viatu vyake. Na mimi nikatafuta vyangu.

Kaniambia pia kuwa jana usiku alimpitia Tabia kwao, akamuuliza nani kamfundisha kuiwasha mashine. Tabia kasema kasahau.

Hajasahau! Hivi punde kapita dirishani kwangu akenda kazini, leo kaitwa asubuhi. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba. Akangoja kidogo — kidogo tu — akenda zake.

Pensheni yangu Januari. Programu ni mpya, fundi yuko mbali, hakuna atakayeniuliza kitu. Nimeandika sentensi hii mara mbili na mara mbili nimeifuta.

Saa tatu na robo. Weka kalamu. Nenda kwa Machano sasa hivi, umwambie lifutwe jina la Tabia, liandikwe lako.