Kigari cha Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Gurudumu limetoka. Katikati ya barabara, mbele ya lori la mchanga.

Kigari chenyewe cha kuazima kwa jirani, cha mtoto mchanga. Mtoto mchanga! Na mwanangu Chiriku ana miaka tisa na kilo thelathini na moja. Yeye akabaki amekaa ndani, miguu inagusa lami, mikono masikioni. Dereva wa lori alizima injini akashuka. Nilidhani anakuja kunitukana. Akanisaidia kumwinua, akala teke la tumbo, akasema pole mama. Pole ninazopewa zingekuwa nguo, kabati lingeshajaa.

Jirani amesema kigari si kitu, tushukuru mtoto ni mzima. Kisha akauliza kwa nini asitembee, mbona miguu anayo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anatembea, ndiyo. Anatembea vizuri mpaka pikipiki ipige honi. Hapo hukaa chini palepale, iwe vumbi, iwe dimbwi, na hakuna wa kumwondoa. Zamani nilikuwa nambeba. Siku hizi kiuno changu hakitaki hata kusikia habari hiyo.

Darasani hatukufika. Mara ya sita tangu shule ifunguliwe.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu wake amepiga simu. Mtu mpole, anazungumza polepole kama vile na mimi ni mwanafunzi wake. Darasa lao la watoto wenye usonji lina nafasi nane tu, na wanaongoja ni kumi na wanne. Amenitetea kwa mkuu mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nafasi ya asiyefika anapewa anayefika. Nikasema nimeelewa. Kuelewa kwenyewe ndiko kunakouma.

Mwaka mmoja wa darasa lile umempa kuvaa viatu, kula kwa kijiko na kunivuta mkono hadi kwenye ndoo akitaka maji. Mimi nyumbani nilihangaika miaka minne, sikupata hata kiatu cha kushoto. Akilikosa darasa atarudi chini ya meza ya cherehani yangu, kati ya miguu yangu na pedali, na atakaa hapo mpaka awe mtu mzima. Nimeliandika. Kulisema kwa sauti, hapana.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimwacha kwa mama mkwe nikaenda duka la vifaa vya wagonjwa. Kipo kimoja cha watoto wakubwa. Kanvasi nzito, magurudumu manene, breki ya kukanyaga, mkanda wa mabegani na kiunoni, paa la kushusha mpaka magotini. Kilo sitini kinabeba. Nikakisukuma kutoka mlangoni hadi kaunta, kutoka kaunta hadi mlangoni. Hakipigi kelele hata kidogo. Nikauliza bei. Nikauliza tena, nikidhani sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri.

Pembeni vilipangwa viti vya magurudumu vya kawaida. Nilivitazama sana. Havina paa, na Chiriku bila paa la kumfichia barabara ni yaleyale: atateleza chini ya mkanda, akae lami, tuanze upya.

Mama mkwe anasema nikimzoesha kukaa atasahau kutembea. Nikamjibu jibu ambalo mkwe hajibiwi. Nikarudi kumwomba radhi, akasema yameisha, lakini chai aliniwekea bila kunitazama. Baba Chiriku naye simuni — yuko mbali, wanajenga minara ya simu — yaleyale ya mama yake. Mwanawe si kilema wa miguu. Nikamuuliza yeye angefanyaje. Kimya. Baadaye akasema ni mtandao. Mtu anayejenga minara!

Jumamosi, 8 Machi

Nimempata fundi wa kuchomelea nyuma ya soko. Kazi yake mageti na madirisha. Nikamwonyesha picha niliyopiga dukani kwa siri, akaigeuza simu huku na huku, akasema hili ni geti lenye magurudumu tu, mama, hana wasiwasi nalo. Nilicheka. Sikumbuki lini nilicheka mara ya mwisho. Mabomba anayo, magurudumu atayatoa kwenye toroli la hospitali lililokufa. Kikalio na paa nitashona mwenyewe.

Akasema nimlete mtoto apimwe. Karakana yake ina mashine ya kukatia vyuma inayolia mpaka meno yanauma. Nikamwambia vipimo aniachie mimi. Miaka kumi na saba futi iko shingoni mwangu, na nguo yangu haijawahi kurudishwa kwa kosa la kipimo. Nilisema hivyohivyo, kwa maringo.

Chiriku hapendi futi imguse. Ila akisimama mlangoni kuchezea bawaba hutulia kabisa, na hapo ndipo huwa nampima. Nikachukua nyonga, paja, goti hadi kisigino, mgongo hadi bega. Fundi aliuliza aongeze kiasi gani. Nikasema asiongeze kitu, kikipwaya atateleza, na hii si sare ya shule.

Jumatano, 12 Machi

Kanvasi imevunja sindano tatu. Paa nimelitia bitana nyeusi. Wateja wanne wanangoja sare zao na mmoja ameanza kunitumia ujumbe bila salamu.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki nzima hatujatoka. Chiriku anazunguka meza. Mimi nashona. Hakuna cha kuandika.

Ijumaa, 21 Machi

Kosa nililiona kabla hata sijakigusa kigari.

Mtu akikaa, hutanuka. Makalio, mapaja, vyote hutanuka. Kila mtu analijua hilo! Lakini mimi miaka kumi na saba napima watu wamesimama, nikampima mwanangu amesimama, nikampelekea fundi kiti cha mtu aliyesimama. Vyuma vya ubavuni vimebana sentimita nne nzima. Fundi alianza kucheka, akaniona uso, akaacha.

Nguo ingekuwa nguo, ningefumua ubavuni nikaongeza. Chuma hakina mshono. Akasema atakikata aunge upya, lakini ana mageti ya watu, mpaka katikati ya mwezi ujao. Nikamwambia mwezi ujao ni baada ya mazishi. Akanipa ile ya kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo lake halijavunjika, limevunjika langu. Nikalia palepale, nimeegemea geti la mtu lenye rangi mbichi. Sketi imeharibika.

Nimekiburuta nyumbani kitupu. Kinyozi wa chini amekubali kilale ndani ya banda lake, maana ghorofa ya tatu hakipandi.

Jumatatu, 24 Machi

Nilisema tujaribu tu, nione kwa macho yangu inavyoshindikana, nijue moja.

Chiriku alikizunguka mara mbili. Akanusa kanvasi. Akajipenyeza mwenyewe, ubavu huu, kisha ubavu huu, akashuka mpaka chini kama droo inavyoingia mahali pake. Nikangoja kilio. Akashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Kisha akanyoosha mkono akashusha paa mpaka magotini.

Pikipiki, honi, basi, mbwa, spika za duka la simu. Hakutikisika. Nilisukuma njia nzima na roho juu, na hakutikisika. Tumefika kabla ya kengele! Mlinzi wa geti alinipigia saluti, nikamrudishia. Kosa langu ndilo lililofaa. Kule kubanwa ndiko alikokuwa akikutaka, mwaka hadi mwaka, na sikujua.

Baadaye. Niliandika haraka hayo ya juu, nikingoja nje. Nikaenda kumchukua. Alikuwa bado ndani ya kigari, pembeni ya ukuta, paa limeshuka. Hakutoka tangu asubuhi. Mwalimu anasema siku ya kwanza, tusiwe na wasiwasi. Nyumbani alikaa bandani kwa kinyozi saa nzima, akatoka kwa sababu ya haja ndogo.

Jumanne, 25 Machi

Hakutoka. Kijiko alikitupa. Maji hakuomba. Mwalimu alipomshika mkono amtoe, alimng'ata.

Mkuu naye alikuja kuangalia. Hakugomba. Alisema nafasi zile ni za kujifunza kukaa mezani na wenzao, na kigari si meza. Tuna mpaka Ijumaa. Akaondoka. Mwalimu alinisindikiza hadi getini, mkono umefungwa bandeji, na ndiye anayeniomba radhi mimi.

"Mama Chiriku, amefika," akasema. "Lakini hayupo."

Nilisukuma mpaka nyumbani. Watu njiani walinipisha, na mama mmoja akanisifu kwa mtoto mtulivu.

Nimempigia baba yake. Safari hii mtandao ulikuwa mzuri. Hakusema alinionya. Aliuliza tu kama miguu ya mwanawe bado ina nguvu. Nikasema ndiyo, ni siku mbili tu, miguu haifi kwa siku mbili. Baada ya kukata simu nilikwenda kuitazama miguu yenyewe. Alikuwa amelala. Nikaishika vifundoni, hakuamka.

Jumatano, 26 Machi

Nilijaribu kumpeleka kwa miguu. Kigari nikakificha nyuma ya pazia la kinyozi. Tulifika kona ya kwanza. Honi. Akakaa lami. Dakika arubaini, magari yanatuzunguka, mpaka kinyozi akaja mbio na kigari, ana povu la mteja mikononi. Chiriku akajipenyeza. Akashusha paa. Darasani tukafika saa nne, akakaa ukutani hadi kutoka.

Nikikiondoa, hafiki. Nikikiacha, hayupo. Nimepindua pande zote mbili, nguo ni ileile.

Sasa ni jioni na naandika kwenye ngazi ya kwanza, daftari la vipimo mapajani. Yeye yuko mbele yangu ndani ya kigari. Haja alishamaliza shuleni, mara moja tu aliyotoka, njaa hana, kwa hiyo hana sababu ya kutoka. Ghorofa tatu juu yetu. Fundi wa mageti amepiga simu, ana furaha, amepata nafasi mapema: kesho anaweza kukikata na kukipanua. Nimesema nitamjibu. Kikipanuka hakitambana. Kisipombana, sijui. Pengine atatoka akae mezani. Pengine atarudi lami.

Nimefungua mkanda wake. Akaufunga. Nikafungua tena, akaufunga tena. Kidole gumba, kidole cha shahada, tak. Vifungo vya blauzi hajui. Zipu hajui. Huu amejifunza peke yake, siku tatu, hakuna aliyemfundisha. Mara ya tatu nilifungua ili nimwone tu. Nilijikuta natabasamu, kisha nikajichukia.

Kinyozi ana funguo mkononi, anataka kufunga banda. Anauliza tumtoe, au tungoje. Yeye atashika mabega, mimi miguu.

Nimemwambia asubiri kidogo. Nimeinua mkono kuelekea kwenye mkanda. Chini ya paa naona vidole vyake vimeshawekwa juu ya kifungo, vinanisubiri.