Fundi wa Kofia ya Njano

Mbinga, Jumamosi. Ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi, na karakana nimeifungua kwa kuchelewa. Nilikuwa nabishana na simu.

Kahawa zimeanza kuiva. Wiki tatu, labda nne, halafu kila mwenye mashine ya mkono ya kumenya kahawa atakumbuka kwamba mwaka jana ilikuwa inamkatia punje. Kazi ya miezi hiyo michache ndiyo inayonilisha mwaka mzima. Tovuti mpya lazima iwe hewani kabla ya hapo, na mpaka juzi nilikuwa sijaamua niijengee wapi.

Nilijaribu huduma tatu za kujitengenezea tovuti. Ya kwanza nzuri mno, picha zinapita zenyewe moja baada ya nyingine. Ya pili ni ya bure, ila inabandika tangazo la viatu juu ya jina langu. Ya tatu ina sura mbaya: maandishi, namba ya simu, na nafasi ya picha moja. Moja tu, basi.

Mimi siamini sifa, naamini kupima. Jana nilikwenda Litumbandyosi kumfungia mteja wangu Mama Oswin mashine yake ya pili, nikazipima zote tatu kwenye simu yake. Wateja wangu wako kule, hawako kwenye ofisi yenye intaneti ya waya. Ile nzuri: dakika moja na sekunde arobaini. Ya bure: sekunde hamsini na mbili, na viatu vikatangulia. Yenye sura mbaya: sekunde tisa.

Hesabu imeisha hapo, nikasema.

Lakini Mama Oswin alikuwa bado ameikodolea macho ile simu. "Mwanangu, mbona yule fundi wa kofia ya njano humu hayumo?"

Sasa niseme ukweli, maana sijawahi kuuandika popote.

Tovuti yangu ya kwanza alinitengenezea jamaa mmoja wa Songea. Akaweka picha aliyoiokota mtandaoni humo humo: mwanamume wa kofia ngumu ya njano, mikono kaikunja kifuani, glovu hazina hata doa la grisi. Simjui. Huyo hajawahi kushika tupa maishani mwake. Nikamwambia jamaa, acha hivyo hivyo.

Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa na daftari. Msimu uliotangulia walikuja wateja wapya arobaini na watatu. Kumi na tisa waliniuliza "Fundi yupo?" na tupa iko mkononi mwangu. Sita waligeuza walipoambiwa fundi ndiye huyu. Aliyenifundisha kazi alishanitabiria siku naondoka kwake: "Wewe mtu wa Lituhi, rudi ziwani ukaanike usipa, hao dagaa wenu. Nani atampa mwanamke mashine yake?" Karakana hii nimeijenga bati moja moja, bila mjomba wala mfadhili, na bado maneno ya mzee yule yalinikaa kama kibanzi cha chuma kwenye kidole.

Basi watu wakaanza kumuulizia mwenye kofia. Nikawa najibu, "Amesafiri, kazi ameniachia mimi."

Hakugeuza mtu tena. Hata mmoja.

Nimewalaumu watu miaka yote hii, na mwongo mkubwa alikuwa mimi.

Jana Mama Oswin akaendelea, kwa moyo mweupe kabisa: "Umsalimie sana. Ile mashine ya kwanza, misimu miwili haijakata punje. Na wewe naona umejifunza vizuri kwake."

Mashine ile niliivalisha bati jipya la shaba mimi. Siku mbili. Vidole viwili vilichanika, kovu moja lipo mpaka leo.

"Zitafika, mama," nikasema.

Zitafika wapi? Njia nzima ya kurudi nilijiuliza hilo.

Leo mchana nimemwomba jirani yangu fundi cherehani anipige picha. Akacheka: "Dada, ungenawa kwanza!" Nikamwambia piga hivi hivi. Nimekaa na mashine iliyofunguliwa mapajani, grisi shavuni, sicheki. Nimechagua huduma ya sekunde tisa, na nafasi ile moja nimeijaza uso wangu. Anayetaka kugeuza, ageuzie kwake huko huko, asije kunipotezea dakika mlangoni. Watageuza sita au kumi na sita, sijui. Naogopa, sitasema siogopi. Daftari lipo, nitahesabu.

Chini ya picha nimeandika: *Fundi ni mimi. Yule wa kofia ya njano amesafiri, na safari hii harudi.*

Mama Oswin nimemtumia wa kwanza. Mpaka jioni nimechungulia simu mara kumi na moja, nikajua nimempoteza. Kisha ujumbe ukaingia: "Kumbe! Na salamu zangu je?"

Nimemjibu sasa hivi.

"Zimefika, mama."