Shangazi Anaingia Nusu Fainali

Jumatatu, 3 Machi

Zege tangu asubuhi. Vidole vimegoma, naishika kalamu kama beleshi.

Binti yangu kapiga simu nikiwa nakula. Si kawaida yake, huwa anasubiri Jumapili. Anapiga kelele: Baba, Shangazi amekatika mkono! Nikaweka sahani chini. Dada yangu ni mtu mzito, akianguka ameanguka kweli. Nikauliza, mmempeleka hospitali? Akacheka mpaka simu ikakatika. Kumbe Shangazi ni roboti yao ya shuleni! Wameipa jina hilo kwa sababu kazi yake ni kuokota vitu vilivyotapakaa na kuvirudisha mahali pake, huku ikilalamika njia nzima. Mota yake inalia, anasema. Nimemwonya binti yangu, dada yangu asije akajua.

Jirani yangu wa kitanda hapa kambini, tunamwita Rangi kwa kazi yake, alikuwa amesikia nusu. Akanipa mkono. Pole sana ndugu yangu, Mungu amjalie shangazi wa watu. Nilipomweleza akasema basi nirudishie pole yangu.

Lakini habari yenyewe ni hii — wanakuja! Mashindano ya roboti ya shule ni hapa hapa mjini, Jumamosi. Binti yangu anakuja huku! Nilimwacha yuko darasa la saba, ananifika kifuani. Sasa yuko kidato cha pili.

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba ruhusa ya Jumamosi. Nyapara kauliza: harusi? Hapana. Msiba? Hapana. Sasa ruhusa ya nini? Nikasema mashindano ya roboti. Akanitazama kama naomba ruhusa ya kwenda mwezini. Akasema, hizo roboti ndizo zitakazotufukuza kazi, na wewe unakwenda kuzishangilia! Kundi zima likacheka. Hata mimi. Jibu: hakuna ruhusa.

Jioni mwalimu wao kanipigia. Kila shule lazima ilete mtu mzima mmoja wa kusaidia kazi ukumbini siku hiyo, isipoleta timu haichezi. Waliyemtegemea amekwama. Binti yako anasema uko huko huko, mzee, tusaidie. Kuniita mzee! Na sauti yake ni ya mtu aliyenizidi kwa mbali. Nikasema ndiyo, nitakuwepo, bila wasiwasi.

Bila wasiwasi! Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 6 Machi

Nyapara kakubali. Jumapili yote nitawabebea mchanga wapiga lipu, peke yangu. Rangi anasema nimejiuza. Sawa. Nimefua shati la buluu.

Ijumaa, 7 Machi

Rangi kaninyoa. Upande mmoja umekuwa chini kuliko mwingine. Anasema ni macho yangu. Wenzetu wote wana macho kama yangu basi, maana wamecheka vilevile.

Naogopa kidogo. Mtoto anaongea mambo ya vihisi vya roboti na programu. Mimi shule niliishia la sita. Nikikaa naye nitamwambia nini, bei ya saruji? Kwenye simu leo kanionya: Baba, usinikumbatie mbele ya watu, tafadhali. Nimekubali.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi wa michezo, mkubwa kama ghala. Kelele za vimashine kila kona, kama cherehani mia zimeamka pamoja. Watoto wana miwani ya kukinga macho, wengine wameivaa kisogoni.

Nikamwona binti yangu mbali, nikapunga mikono yote miwili. Akapunga na yeye, kwa adabu. Halafu nyuma yangu nikasikia: Baba, mimi niko hapa. Huyo wa mbele alikuwa mtoto wa watu! Nikageuka. Jamani. Tunalingana urefu. Nikamnyooshea mkono kama tulivyopatana, akautazama, kisha yeye ndiye akanikumbatia. Mbele ya watu! Shati la buluu limelowa begani. Sitaandika ni nani aliyelilowesha.

Wako watatu. Yeye ndiye dereva, anaongoza kwa rimoti. Miwani ndiye fundi, ndiye aliyerekebisha ule mkono wa Shangazi, kijana mpole, anaongea na skrubu kuliko watu. Wa tatu wanamwita Redio. Huyo kazi yake ni kuwaeleza majaji jinsi roboti ilivyotengenezwa, na akimaliza majaji anawaeleza wafagizi.

Msimamizi wa wasaidizi kanipa reflekta, kizibao cha kung'aa kama kile cha kazini. Wiki nzima naikimbia reflekta, nimekuja kuivaa Jumamosi! Kazi yenyewe: kuna meza kubwa zenye kuta fupi. Timu mbili zinakutana, kila roboti ina upande wake, na kila upande una mistari ya vijisanduku vya plastiki. Roboti inavikamata na kuvipeleka kwenye kona yake. Itakayopeleka vingi imeshinda. Wakimaliza, sisi wasaidizi wawili tunavirudisha vijisanduku mahali pake, mimi upande huu, baba wa shule nyingine upande ule. Mwamuzi ni mama mmoja mwenye filimbi na raba za kukimbilia. Katuonyesha kwa kidole chake: kati ya kijisanduku na kijisanduku iingie nafasi ya kidole kimoja, maana roboti hushika kimoja kimoja. Kisha akatukazia macho. Ukivaa reflekta, akasema, huna mtoto humu ndani. Hakuna kushangilia. Tumeelewana? Tumeelewana, mama.

Kazi nimeizoea. Hilo la kutoshangilia ndilo limeniua. Mchezo wa kwanza Shangazi alizunguka pale pale kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nikauma ulimi. Wa pili akashinda. Wa tatu akashinda. Nikapiga makofi kwa vidole vya miguu, ndani ya viatu.

Mchana tukapumzika, nikala nao. Redio alikuwa anataniana na timu ya nguo nyekundu. Roboti yao ni pana, inapiga kelele nyingi na inachelewa kuondoka, wanaiita Waziri. Nahodha wao ni msichana mfupi mwenye ulimi mkali. Anauliza, huyo Shangazi wenu bado anatafuta ndala zake? Redio akamjibu, na Waziri wenu, ameshaamka au tumpelekee chai? Hata binti yangu alicheka mpaka maji yakamtokea puani. Nikapiga picha hiyo kichwani, niwe nayo.

Halafu ikaja nusu fainali. Shangazi na Waziri! Anayeshinda anaingia fainali, na wawili wa fainali wote wanakwenda mashindano ya taifa. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa hapo. Mgeni rasmi alikuwa amehutubia sana, ratiba imevurugika, msimamizi anatupigia kelele, haraka, haraka, wazazi, haraka. Mimi magotini tangu asubuhi, kiuno kinawaka. Nikapanga. Filimbi.

Gurudumu la kushoto la Shangazi lilikuwa linayumba. Waziri ametangulia. Binti yangu anatafuna mdomo, nimemjua kwa hilo tangu mdogo. Kisha Shangazi akageukia mstari wa mwisho wa upande wetu, akafungua mikono, akafunga — akanyanyua vijisanduku vitatu kwa mpigo! Ukumbi mzima ukasimama. Mtangazaji akapiga kelele kwenye maiki, jamani huyu Shangazi anahamisha nyumba! Wakashinda. Kwa vijisanduku viwili tu, lakini wakashinda! Redio akakimbia kuzunguka ukumbi hadi akagonga meza ya maji.

Na mimi nikainama nirudishe vijisanduku.

Kwenye mstari ule wa mwisho vilikuwa vimebaki viwili. Vimebanana. Kingo zimelingana, safi, huwezi kupitisha hata wembe. Nikajaribu kidole, hakiingii. Upande wa mwenzangu, kila kimoja na nafasi yake. Nikajua hapo hapo. Mimi nimepanga tofali. Mwaka wa ngapi sasa kila siku ninabananisha tofali lisianguke, na leo nilivyochoka na kuharakishwa, mikono ilijifanyia kazi yake bila kuniuliza. Shangazi hakupata akili ya kushika vitatu. Alipewa mzigo uliofungwa tayari. Na aliyeufunga ni baba wa dereva!

Hakuna aliyeona. Mwenzangu anakunywa maji. Nikavisukuma vikaachana, nikaenda kukaa nyuma ya viti. Nikajiambia, nyamaza. Wewe hukuiba, umechoka tu. Watoto wametoka mbali. Miwani anasema gurudumu halina hakika ya kumaliza mchezo mwingine. Ukisema, wanarudia, na wakirudia wanaweza kushindwa, na itakuwa ni wewe. Siku moja umekuja kumwona mtoto, siku hiyo hiyo umvunjie!

Basi nikamsikia anaongea na mama yake kwenye simu. Mama, tumepita, tunakwenda taifa! Na baba alikuwa hapo hapo mezani, kaona kila kitu!

Kaona kila kitu. Kweli, nimeona.

Nikamtazama na yule nahodha wa nguo nyekundu. Amegeukia ukuta, anajifanya anakunja waya.

Nikaenda kwa mama wa filimbi. Nikamwambia, ule mstari niliupanga vibaya, upande wa Shangazi. Akauliza una hakika? Nikasema mikono ni yangu. Akauliza, kwani una mtoto humu? Nikavua reflekta, nikampa. Nikasema, sasa ninaye.

Hakucheka. Akawaita majaji, wakaitana, wakainama mezani. Wakaita timu zote mbili na walimu. Nikasimulia tena mbele yao wote, sauti yangu ikaniacha katikati, nikaifuata. Uamuzi: mchezo unarudiwa baada ya robo saa, na vijisanduku atapanga mtu mwingine. Mwalimu alishika kichwa. Mzee, mzee, mzee. Sasa hapo nilikuwa mzee kweli. Redio alifungua mdomo, hakuna kilichotoka, kwa mara ya kwanza leo. Nahodha mfupi akanijia, macho mekundu kama shati lake. Nikadhani anakuja kushukuru. Akasema, ungewahi kidogo, mzee, nimeshalia bure!

Binti yangu alinitazama, akaitazama simu yake. Lazima ampigie mama yake tena. Kisha akaondoka na Miwani.

Nimekaa kwenye ngazi za pembeni, taa ya huku imekufa. Naandika kwa sababu mikono haina kazi, na leo siiamini ikikaa bure. Ninawaona kule mezani wamepindua Shangazi. Miwani anatikisa kichwa. Binti yangu anampokonya bisibisi, anampa, anapokonya tena. Miwani anatumwa kutafuta betri. Redio anatumwa kokote, ilimradi aondoke.

Anakuja huku. Amembeba Shangazi kifuani.

Amefika. Hakunisalimia. Ameketi chini yangu, ngazi ya pili, mbali na watu, amemlaza Shangazi kifudifudi. Nikanyoosha mkono nimshikilie gurudumu. Baba, usiguse! Mtu mzima akigusa roboti tunatolewa. Nikarudisha mkono haraka kama nimegusa jiko. Nikakaa. Bisibisi inateleza. Anasonya. Inateleza tena. Skrubu iko ndani kabisa, na kiza hiki.

Akauliza bila kunitazama: simu yako ina tochi? Ninayo. Kumulika wanaruhusu? Kumulika siyo kugusa, anasema.

Namulika kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia juu ya goti. Nikiacha kuandika sitajua niangalie wapi. Nimemwuliza, umekasirika? Anasema, sana. Nimeuliza, sana kiasi gani? Anasema, Baba, ninahesabu nyuzi za skrubu, usinichanganye. Mikono yake midogo, inakaza kidogo, inaachia, inakaza. Ulimi nje. Maiki imetuita mara ya kwanza. Timu ya Shangazi, mezani. Hajainuka. Gurudumu linazunguka sasa, bado linayumba, lakini si kama mwanzo. Anasogeza kichwa karibu na goti langu apate mwanga. Maiki tena. Waziri ameshafika, mtangazaji anasema, safari hii amewahi yeye. Binti yangu kacheka puani kidogo, kisha akakumbuka kuwa amekasirika.

Anasema tochi inacheza. Anasema, Baba, acha kuandika, mulika hapa